Sindano za Mama Mkwe

Mama mkwe alipokuja kukaa kwetu mtaa wa Mapendo, hapa Goma, mimi nilikuwa nimeshaanza kujichoma sindano tumboni, na hakuna aliyejua ila mume wangu. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu. Nilikuwa nauza vipuri vya moto, yaani pikipiki, katika duka alilotuachia baba yangu kule Mabanga, na mume wangu alikuwa akifundisha hesabu katika shule moja ya sekondari. Tulioana tukiwa tumechelewa wote wawili. Baba alipofariki mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, nikasomesha wadogo zangu mmoja baada ya mwingine, na nilipopata nafasi ya kujiangalia mwenyewe, wanawake niliosoma nao walikuwa wanaoza mabinti zao.

Siku ya harusi yetu mama mkwe alishuka kutoka kwao Masisi, juu milimani, akiwa amevaa vizuri sana. Alinishika mikono yote miwili, akanitazama usoni, kisha akamgeukia dada yake na kusema kwa Kinyarwanda, akidhani sielewi, "Ni mwanamke mzuri, ila tumempata akiwa amechelewa." Nilielewa. Nimekua na majirani wanaoongea lugha hiyo tangu nikiwa mtoto. Nilitabasamu kama mtu asiyesikia kitu, na tangu siku hiyo nikawa namwogopa.

Mwaka wa pili wa ndoa nilishika mimba, ikatoka hata kabla sijaanza kuonekana. Baada ya hapo hakuna kilichoshika tena. Daktari wa hapa Goma, mwanaume mpole ambaye alikuwa akiongea na meza yake zaidi kuliko na sisi, alinipima mara kadhaa, akaniambia haoni ugonjwa wa kunitibu. "Shida ni miaka, mama," alisema. "Mayai yamebaki machache, na yale yaliyobaki yamezeeka." Akatuelekeza kwenye kliniki moja ya Kigali ambako wanaweza kutoa yai la mwanamke, wakaliunganisha na mbegu ya mume nje ya mwili, kisha wakalirudisha tumboni. Tulitoka pale tukatembea kwa miguu. Tulipofika kwenye kona ambako wanapakia mkaa kwenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, mume wangu alisimama, akasema, "Twende tu. Tukikaa bila kujaribu, tutakuja kulaumiana."

Ndivyo tulivyoanza. Tulivuka barieri ya mpaka wa Rwanda, tukapanda basi la Kigali, tukarudi na mfuko mdogo wenye barafu na sindano ndani. Sindano zilitakiwa kukaa kwenye baridi ya frigo, na kila jioni nijichome chini ya kitovu ili mayai yakomae mengi kwa pamoja. Mume wangu ni mtu asiyeogopa mambo mengi, lakini sindano ilimshinda. Mara ya kwanza alijaribu kunisaidia, akatoka jasho, akalazimika kukaa chini kwenye sakafu ya jikoni huku ameegemeza kichwa ukutani. Tangu hapo nikawa najifungia chumbani peke yangu. Mara nyingine nilichoma nikachomoa kabla dawa haijaisha, nikabaki nimekaa kitandani nikiangalia tone linashuka kwenye ngozi.

Siku hizohizo ndipo habari za Masisi zilipokuwa mbaya. Mama mkwe alikuwa mjane tangu zamani, na yeye mwenyewe ndiye aliyechunga ng'ombe wa marehemu mume wake, akawaongeza. Asubuhi moja watu wenye silaha walikuja wakawaswaga wote pamoja na ndama. Mtoto wake wa kiume, mdogo wa mume wangu, aliwafuata nyuma ili ajue wanapelekwa wapi. Hakurudi. Mama alimngoja hadi jirani wa mwisho alipofunga mzigo wake, kisha akashuka kwa miguu pamoja na wengine. Tulimkuta kule Lac Vert, kwenye kambi ya wakimbizi, kati ya vibanda vya turubai, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakulia alipotuona. Alisema, "Papa, umekonda," akimwambia mwanawe, kisha akasimama akachukua blanketi lake.

Alikaa kwetu muda bila kuuliza chochote. Aliamka mapema, akafagia uwanja, mawe yetu meusi ya volkano yakabaki yanang'aa kama yameoshwa. Kisha akakaa kwenye kizingiti akiangalia upande wa milima. Maziwa ya dukani alikuwa akiyanusa kabla ya kunywa, na mara nyingi aliyaacha. Mimi nilikuwa nimeficha sindano kwenye frigo nyuma ya sahani ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, nikijua hawezi kufungua frigo, kwa sababu alikuwa anasema chakula kinachokaa mule kinakuwa na ladha ya bati.

Siku moja nilirudi kutoka Mabanga nikamkuta amesimama jikoni, kiboksi cha sindano kiko mkononi mwake.

"Hizi sindano ni za nani?" aliuliza.

"Ni zangu, mama."

"Uko mugonjwa?"

Nilifikiria kudanganya. Lakini nilikuwa nimechoka siku hiyo, na alikuwa ananiangalia kama mtu anayejiandaa kusikia msiba mwingine. "Hapana, mama. Ni za kutafuta mutoto."

Alikigeuzageuza kiboksi. "Nani anakuchomaka?"

"Miye mwenyewe. Mutoto wako hawezi hata kuangalia."

"Tangu mudogo ni hivyo. Tukichinja kuku, anaenda kujificha kwa kitanda." Akakirudisha kiboksi kwenye frigo, taratibu, mahali palepale kilipokuwa. "Ni saa ngapi unachomaka?"

"Jua likitua."

Jua lilipotua alibisha mlango wa chumba changu. Alikuwa ameshanawa mikono hadi kwenye viwiko. Aliniambia amechoma ng'ombe sindano maisha yake yote, tangu mume wake angali hai, na kwamba mimi niko na ngozi nyepesi kuliko ndama. Nilimwambia mimi siko ng'ombe. "Najua," alisema. "Ng'ombe angekuwa ameshanipiga teke." Alinishika nyama ya tumbo kwa vidole viwili, akanichoma, akasubiri dawa iishe, akachomoa. Sikusikia karibu chochote. Nililia hata hivyo, na yeye hakuniuliza sababu. Alivuta gauni langu likafunika tumbo, akatoka.

Kuanzia siku hiyo ikawa kazi yake. Aliacha kukaa kwenye kizingiti nyakati za jioni. Alijua saa kwa kuangalia kivuli cha ukuta wa jirani, na kama nilichelewa dukani, nilimkuta amesimama kwenye lango, ameshanawa. Alinikataza kubeba ndoo ya maji. Alinipikia uji wa mtama na maharage, akakaa mbele yangu mpaka nimalize. Mimi ambaye nilikuwa nimemwogopa miaka yote ile, nikaanza kuona nyumba iko tupu akienda kanisani bila mimi. Aliniita mukazana, ndivyo wanavyomwita mke wa mwana kwao, na alilitamka neno hilo kana kwamba ni jina nililozaliwa nalo.

Wakati wa kwenda Kigali kutolewa mayai ulipofika, mume wangu alikuwa anasimamia mitihani ya mwisho wa mwaka. Alikuwa ameshaenda kliniki kabla ili watunze mbegu yake. Kwa hiyo nilienda na mama mkwe. Alikuwa hajawahi kuvuka barieri. Njia nzima alihesabu ng'ombe wa watu kupitia dirisha la basi, akiniambia yupi ana mimba na yupi hakukamuliwa vizuri, na abiria waliokaa mbele yetu wakawa wanageuka kusikiliza.

Kliniki ilikuwa nyumba nyeupe yenye utulivu mwingi. Kwenye ukumbi wa kusubiri, wanawake walikaa wakiangalia simu zao, na ukutani zilitundikwa picha za watoto waliozaliwa kwa njia hiyo. Nilikaa nikiwa nimeupa mgongo ukuta ule. Mama mkwe, yeye, aliiangalia kila picha, moja baada ya nyingine, karibu kabisa, kama mtu anayetafuta mtoto aliyempoteza sokoni.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi. Mayai waliyoyapata yalikuwa machache, na lililokubali kukua lilikuwa moja tu. Walilirudisha ndani yangu baada ya siku kadhaa. Mama mkwe aliruhusiwa kuingia. Daktari alimwonyesha nukta nyeupe kwenye skrini ya ekografi, mashine ya kupigia picha tumbo, akamwambia, "Ni pale." Mama mkwe aliinama, akaisalimia ile nukta kwa sauti ya chini, kwa Kinyarwanda, kama anavyosalimiwa mtu aliyetoka safari ndefu. Hakuna aliyecheka. Yule daktari aligeuza uso wake.

Tulirudi Goma tukasubiri. Mama mkwe hakuniruhusu hata kuinama kufunga viatu. Alinunua mwenyewe, sijui kwa pesa gani, mafuta ya kumpaka mtoto mchanga, akayaweka chini ya mto wake. Niliyaona siku moja nikibadilisha mashuka, nikayarudisha. Kisha damu ikaja, asubuhi, kabla hata ya siku ya kupima. Nilikaa chooni mpaka jua likawa kali. Nilipotoka, alikuwa amesimama nje ya mlango. Aliniangalia mara moja tu, akajua.

"Hata ng'ombe kuna mara anakataa," alisema. "Mara ya pili anakubali."

Daktari wa Kigali alitupigia simu wote wawili, mimi na mume wangu. Alitueleza kwa upole kwamba kwa umri wangu nafasi iliyobaki ni ndogo sana kama tutaendelea na mayai yangu. Akasema kuna njia nyingine: yai la mwanamke kijana, mbegu ya mume wangu, tumbo langu. Mimba ningeibeba mimi, na mtoto ningemzaa mimi. Mume wangu alisema atafikiri.

Niliogopa mama mkwe ndiye angekataa. Nilipomweleza, alichambua maharage kidogo, kisha akauliza, "Ni weye utamuzala?"

"Ni miye."

"Utamunyonyesha?"

"Ndiyo."

"Basi ni wako. Nani mwengine atasema ni wake?" Akaendelea kuchambua.

Aliyekataa ni mume wangu. Hakukataa kwa hasira. Alinikalisha sebuleni siku ya Jumapili baada ya misa, akaniambia amejaribu kujiona akimwangalia mtoto huyo na akashindwa. "Kila siku nitatafuta sura yako kwake," alisema, "na sitaiona. Miye nilitaka mutoto wako weye. Kama haiwezekani, basi tukae hivi, tuko wawili." Alikuwa anadhani ananipenda kwa kusema hivyo, na nadhani ni kweli alikuwa ananipenda. Lakini niliona mlango uliokuwa umebaki wazi kidogo ukifungwa, na mkono unaoufunga ulikuwa wake. Nilimwomba tujaribu tena na mayai yangu. Alikubali haraka, kama mtu anayelipa kitu alichovunja.

Jaribio hilo la pili ndilo ambalo mpaka leo sijui niseme nini juu yake. Safari hii mwili wangu ulikubali. Daktari wa hapa Goma aliponipima kwa ekografi katikati ya matibabu, aliacha kuongea na meza yake, akaniita nije nione. Kulikuwa na mayai mengi yanayokua, pande zote mbili, mengi kuliko alivyotegemea kwa mwanamke wa umri wangu. Mama mkwe alipiga magoti palepale, kwenye vigae vya chumba kile, akamshukuru Mungu.

Wiki hiyohiyo vita viliingia mjini. Sitaeleza vita, kila mtu wa Goma ana vyake vya kueleza. Tulijifungia ndani, tukalala kwenye ukumbi mwembamba kati ya vyumba kwa sababu hauna dirisha. Umeme ulikatika, maji yakakatika, mtandao wa simu ukakatika. Frigo ilizima. Mama mkwe alitoa sindano, akazifunga kwenye mfuko wa plastiki, akaziweka ndani ya mtungi wa maji aliyokuwa ameyachota kabla, na maji hayo hakuturuhusu kuyanywa mpaka mengine yote yaishe. Jua lilipotua alinitambalia pale sakafuni, akinawa kwa matone, akanichoma huku mabati ya nyumba yakitetemeka. Mume wangu aligeukia ukutani. Mimi nilimwambia mama aache, kwamba hakuna maana, barieri haiwezi kufunguliwa.

"Itafunguliwa," alisema. "Nyamaza. Usikaze tumbo."

Haikufunguliwa kwa wakati. Tumbo langu lilivimba, likawa zito na la kuuma, mpaka kugeuka upande ilikuwa shida. Nilijua mayai yamekomaa. Nilijua pia kwamba siku ya kuyatoa imefika, na kwamba barabara na mpaka viko kati yangu na mikono inayoweza kuyatoa. Dawa iliisha. Siku zikapita. Uvimbe ukapungua taratibu, kama mkate unaotolewa kwenye moto kabla ya wakati, na nikajua kilichokuwa ndani kimepotea. Nje watu walikuwa wameanza kutoka, wakitafuta maji, wakitafuta watu wao. Jirani yetu wa upande wa chini alikuwa amefiwa na watoto. Ningemwambia nani kwamba mimi nami nimefiwa? Nilichukua kidumu nikaenda ziwani kuchota maji na wengine.

Mambo yalipotulia kiasi cha kuvuka tena, banki bado zilikuwa zimefungwa na shule ya mume wangu haikuwa imeanza. Nilikuwa nimefika miaka arobaini na mitano. Sikutaka kwenda tena. Mama mkwe ndiye aliyenisukuma. "Ulishaona mwenyewe kama mayai yako mengi," alikuwa akisema kila siku. "Mwili wako unaweza. Ni vita vilivyotuzuia, siyo mwili." Alisema kweli, na ndiyo sababu sikuweza kumkatalia. Tulianza tena, yeye na mimi, kwa pesa za duka, kila jua likitua. Safari hii tumbo halikuvimba.

Kule Kigali walinilaza usingizi wa dawa. Nilipoamka, daktari alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya kitanda, na nikaelewa kabla hajafungua mdomo, kwa sababu siku nyingine zote alikuwa anaongea nami amesimama. Hawakupata hata moja. Alinishika mkono juu ya shuka, akaniambia kwamba hatakubali kunitibu tena kwa mayai yangu. Angekuwa ananidanganya, alisema. Mlango wa yai la mwanamke mwingine bado uko wazi, kama mume wangu atabadilisha mawazo. Nilimwambia hatabadilisha. Mama mkwe alikuwa amesimama dirishani na kitambaa chake mkononi, akisikiliza yote.

Kwenye basi la kurudi hakuangalia ng'ombe. Tulipofika karibu na Gisenyi, ziwa likaanza kuonekana chini, ndipo alipoongea. "Kuna mama wa kanisani alisema Kampala kuko dokta wengine."

"Mama, nimechoka."

"Tutapumuzika kidogo kwanza."

"Hapana. Nimechoka kabisa. Sitafanya tena."

Alinigeukia. Sikuwahi kumwona na hasira mpaka siku hiyo, hata alipokuwa anasimulia habari za ng'ombe wake. "Weye ukisimama," alisema, "miye nitabakia nangojea nini?" Sauti yake haikuwa kubwa. "Mulima wamekamata. Ng'ombe wamekamata. Mutoto yangu sijui amelala wapi. Nilibakia na hii moja, na weye unaniambia umechoka."

Nilitaka kumwambia kwamba tumbo lililochomwa ni langu. Nilitaka pia kumwomba msamaha, na sikujua nimwombe kwa kosa gani. Nikaegemeza kichwa kwenye kioo. Tulivuka barieri kila mtu amebeba mfuko wake.

Kwa muda, jioni jua likitua, mama mkwe alikuwa ananawa mikono kwa mazoea, kisha anakumbuka, anaipangusa kwenye kitenge, anakaa. Mume wangu alirudi kufundisha. Alikuwa anarudi nyumbani mapema kuliko zamani, ananiletea maandazi, ananiuliza habari za duka kwa uangalifu mwingi, kama mtu anayeongea na mgonjwa.

Baadaye mama mkwe aliniita uwanjani, akaniambia nikae. "Sitakuficha," alisema. "Natafutia mutoto yangu binti. Siyo wa kuweka mu nyumba yako. Ni wa kuzala tu. Najua kanisa linakataa. Mungu ataniuliza miye, hatakuuliza weye."

Nilimuuliza kama mwanawe anajua.

"Bado. Nataka weye uone binti kwanza. Tuende pamoja, watu wasiseme nilikuzunguka."

Watu wataniona mjinga, lakini nilienda. Nilivaa kitenge kizuri, nikamfuata kwa miguu mpaka Mabanga, si mbali na duka langu. Ilikuwa familia ya huko kwao milimani, nao walikimbia. Walitukaribisha kwenye chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, wakatupa Fanta. Binti alileta glasi, akapiga magoti kidogo, akakaa karibu na mama yake akiangalia mikono yake. Alikuwa na shingo ndefu na ngozi ya mtu ambaye hajawahi kuugua. Hakujua mimi ni nani. Aliponimiminia Fanta alisema, "Karibu, mama," na akaniangalia kwa heshima, kama shangazi wa upande wa mwanaume. Nilikunywa yote. Ilikuwa moto na tamu mno.

Njiani kurudi mama mkwe aliuliza, "Umemuona namna gani?"

"Ni mutoto mwema," nilisema, na nilikuwa nasema kweli.

Alimwambia mwanawe siku hiyo wakati wa kula, mbele yangu. Mume wangu aliweka kijiko chini. "Sitaki, mama," alisema. Aliposikia mama yake anaanza kueleza, alirudia, "Sitaki," akainuka akatoka uwanjani. Mama mkwe alianza kukusanya sahani. Mimi nilijikuta nimekasirika, siyo kwa sababu ya binti, bali kwa sababu ya huyu mwanaume ambaye alikuwa anasema hapana kwa kila njia tuliyomwonyesha, na kila hapana yake ilikuwa kwa ajili yangu, na mimi ndiye niliyetakiwa kushukuru.

Haikupita muda mama mkwe akasema anarudi Masisi. Tulimkatalia. Njia haikuwa salama, nyumba yake ilikuwa imebomolewa, na hakuwa na hata mbuzi. Alisema kuna binti wa dada yake amerudi, atakaa kwake, anataka kuona majani. Tulipanga kumchelewesha, lakini tulipoamka Jumatatu moja alikuwa ameshavaa na mzigo uko mlangoni. Mume wangu alienda kumtafutia gari. Tulibaki wawili kwenye lango.

"Mukazana," alisema, "miye sikukasirikia weye."

"Najua, mama."

"Hapana, hujui. Lakini basi." Alinishika nyama ya mkono kwa vidole viwili, kama alivyokuwa akishika tumbo langu, akaiachilia. Gari likaja.

Sasa huwa anapiga simu mtandao ukiwapo, akiwa amepanda mahali palipoinuka. Anauliza kama tuna afya, kama duka linaenda, kama mvua imenyesha. Zamani kila mazungumzo yalikuwa na kimya kidogo mwishoni, nami nilikuwa najua kwamba ndani ya kimya kile kuna swali la mtoto. Siku hizi hakipo tena. Anasema, "Haya, mubaki vizuri," anakata.

Mwezi uliopita nilienda kwa daktari wetu wa hapa, kwa sababu damu ilikuwa haijaja kwa muda. Siwezi kusema kwamba sikuwaza chochote njiani. Aliniuliza maswali machache, akanipima, kisha akaangalia meza yake, akaniambia ni kawaida kwa wanawake wengine damu kuanza kukoma mapema kidogo. Itakuja mara moja moja, kisha itaisha. Nilimshukuru. Nilipanda moto nikaenda Mabanga, nikafungua duka, nikamuuzia kijana mmoja mnyororo na plagi. Jioni mume wangu aliniuliza daktari amesema nini. Nilimwambia amesema niko mzima.